Tommy na Tuppence: usianzie kitabu cha mwisho

Wapelelezi wengi wa riwaya hawana umri. Hercule Poirot, mpelelezi maarufu wa mwandishi Mwingereza Agatha Christie, unaweza kumchukua kutoka kitabu chochote na usipotee. Tommy na Tuppence Beresford, wapelelezi mume na mke waliobuniwa na Christie huyohuyo, ni tofauti: wanazeeka kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo wasome kwa kufuata miaka ya kuchapishwa. Vitabu ni vitano tu.

The Secret Adversary (1922) inawakuta London baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vijana wasio na kazi wala fedha, hata kuoana bado. Ni mkasa wa ujasusi, wa nyaraka zilizopotea. Anayengoja fumbo la mauaji atavunjika moyo.

Partners in Crime (1929) ni hadithi fupi. Sasa wameoana, wanaendesha ofisi ya upelelezi, na karibu katika kila kesi wanaiga mpelelezi fulani wa vitabuni, akiwamo Poirot mwenyewe. Wengi wa wanaoigwa wamesahaulika, ndiyo maana msomaji wa leo huona utani umepoa. Soma hadithi moja kwa siku. Usiruke kurasa za mwanzo, kwani barua za rangi ya buluu zinazotajwa hapo zina kazi mpaka mwisho.

N or M? (1941) kwangu ndicho kilele. Watoto wao wamekwishakuwa watu wazima, vita vya pili vimepamba moto. Tommy anapewa kazi ya siri na kuambiwa mkewe asijue. Tuppence anasikiliza kwa kificho na kumtangulia kwenye nyumba ya wageni, anafuma sufu na kujiita Bi. Blenkensop, mjane. Uhai wa ndoa hii uko hapo: mke hurukia jambo kwa hisia, mume hulipima polepole, na kila mmoja huliona lililompita mwenzake. Kitabu hiki kiliwatia wasiwasi hata MI5, idara ya usalama ya Uingereza, kwa kuwa mhusika mmoja anaitwa Meja Bletchley, na Bletchley Park ndipo walipokuwa, kwa siri, wavunja misimbo wa Uingereza.

By the Pricking of My Thumbs (1968) ni cha Tuppence zaidi: bibi mmoja katika nyumba ya wazee anamuuliza kuhusu mtoto, na mchoro wa nyumba unaanza kumsumbua.

Postern of Fate (1973) ni riwaya ya mwisho Christie kuiandika. Mazungumzo yanajirudia na uzi unalegea. Atakayeanzia hapa huenda asirudi kwa vile vinne. Aliyewafuata tangu 1922 atawavumilia, kama anavyowavumilia wazee wake.