Aliniuliza Bila Kuzunguka

Nilipiga simu ya msaada kwa watu wanaofikiria kujiua. Ilipopokelewa, nilinyamaza. Ulikuwa usiku wa manane, na wiki nzima nilikuwa silali. Nilidhani atasema "haloo, haloo" kisha akate. Hakukata. "Nipo," alisema mama aliyeipokea. "Hakuna haraka."

Nikaanza kuzungukazunguka: kazi, usingizi, chakula kisichopita kooni. Alinisikiliza hadi nikaishiwa maneno, ndipo akauliza kwa upole uleule: "Je, unafikiria kujiua?"

Hakuna aliyewahi kunitamkia neno hilo. Watu wangu walinipenda, lakini walilikwepa. Waliniambia yatapita, nijikaze. Wengi huamini kwamba ukimuuliza mtu habari za kujiua umemtia wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Utafiti umeonyesha kuwa kuuliza waziwazi hakumpandikizi mtu wazo hilo, na wapokea simu hawa hufundishwa kuuliza hivyo hasa. Mimi nilisikia fundo la kifuani likifunguka. Nikajibu, "Ndiyo." Kisha nikalia, naye akaniacha nilie.

Maswali yaliyofuata yalikuwa ya vitendo. Uko peke yako? Umeshapanga namna? Kuna kitu karibu nawe cha kujidhuru? Akaniomba nitoke chumba kile, tuendelee kuzungumza nikiwa mbali nacho. Nilipotulia kidogo alinishauri nichukue kalamu. Tukaandika pamoja dalili zinazonijia kabla hali haijawa mbaya, mambo yanayonituliza japo kidogo, na mtu wa kumwita. Nilimtaja dada yangu.

"Anajua?"

"Hajui."

Hakunisukuma. Baadaye nilisoma habari za Chad Varah, padri aliyeanzisha Samaritans, huduma ya kuwasikiliza kwa simu watu wanaofikiria kujiua, mjini London mwaka 1953. Aliona kwamba wengi waliokuja kumwona walipata nafuu kwa kuongea tu na watu wa kujitolea waliokaa nao wakisubiri zamu. Sikushangaa hata kidogo. Yule mama hakunipa wosia wala mahubiri, na sijawahi kusikilizwa vile.

Kabla hatujaagana nilikubali kumpigia dada.

"Dada, siko salama nikiwa peke yangu."

"Nakuja. Usikate simu."

Asubuhi tulikwenda wote hospitali. Sikuwa na nguvu ya kusimulia upya, kwa hiyo nilimpa daktari ile karatasi. Aliisoma yote, kisha akavuta kiti karibu.