Umegawa hadi ngapi?

Tangu Jumanne jioni swali la mpwa wangu limekataa kunitoka. Wiki hii ofisi yetu imehamia Mtumba na shemeji ametolewa mahari, lakini ninachokiandika ni kimaneno cha mtoto wa kidato cha pili, alichokisema barazani huku akimenya karanga.

Alikuwa amechukua 2, akaizidisha kwa yenyewe, akafanya vivyo hivyo kwa kila jibu, na pembeni ya kila hatua akajumlisha 1: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hatua iliyofuata ilimpa 4,294,967,297, akaniuliza kama nayo ni tasa. Mimi, niliye mhasibu kwa miaka 19, nilishika kikokotoo, nikajaribu namba tasa moja baada ya nyingine, kisha nikatamka kwa sauti ya hakimu kwamba ni tasa.

"Samahani, mjomba, umegawa hadi ngapi?"

"Tisini na saba."

"Na zilizobaki?"

"Zinatosha hizo."

Akasema, "Haya, mjomba," akarudi kwenye karanga zake. Hiyo "haya" ndiyo iliyonichoma, kwa kuwa ni ile ile ninayompa mkubwa wangu anapoidhinisha hesabu ambayo sote tunajua hajaisoma. Zinatosha! Ili kuthibitisha kuwa namba ni tasa, unazijaribu namba tasa zote hadi kipeuo chake cha pili; cha namba ile kinazidi 65,536 kwa chembe tu, na hadi hapo zipo namba tasa 6,542. Nilikuwa nimejaribu 25.

Alhamisi usiku, wengine walipolala, nilianza upya. Nilipofika 641, ambayo ni namba tasa ya 116, hakikubaki kitu: 641 mara 6,700,417. Nikafungua simu kusoma zaidi, na aibu ikageuka kicheko. Pierre de Fermat, Mfaransa aliyekuwa mwanasheria, aliamini mwaka 1640 kwamba namba zote za mtiririko huu ni tasa, na ni mwaka 1732 ndipo Leonhard Euler alipokionyesha kigawo hicho. Tamu zaidi ni hili: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Kwa hiyo kabla ya 641 zinazostahili kujaribiwa ni 193, 257, 449 na 577 tu, na zile 25 zangu, nilizozigawa kwa mbwembwe zote zile, hazikuwa na nafasi tangu mwanzo.

Ijumaa asubuhi niliiweka karatasi chini ya kikombe chake cha chai. Aliisoma mara mbili.

"Na hii 6,700,417 ni tasa?"

"Ni tasa."

Akanitazama bila kusema kitu.

"Hadi 2,588," nikasema upesi, "kwa zile zinazobakisha 1 tu."

Akacheka mpaka chai ikamwagika, akaondoka na karatasi yangu shuleni.

Tangi la maji limeanza kuvuja pale chini karibu na koki, na zamu yetu ya mgao ni keshokutwa.