Okidi yangu imebabuka

Jumamosi niliitoa okidi yangu ya aina ya Phalaenopsis sebuleni nikaiweka roshani ipate hewa, kisha nikaenda sokoni. Niliporudi saa nane mchana, jua la Nairobi lilikuwa limeyachoma majani mawili ya juu. Nilipoyagusa yalikuwa moto kama sufuria. Kesho yake yakatoa mabaka meupe. Kufikia Alhamisi yalikuwa yamekauka na kuwa ya kahawia.

Niliumia sana. Ua hili nimelilea miaka 3.

Nilitaka kuyakata majani yale, dada yangu akanizuia, na alisema kweli: penye baka hapatarudi kuwa kijani, lakini sehemu iliyo hai bado inaulisha mmea. Jani hukatwa baka likilainika, likatoa majimaji na kuenea, maana hapo uozo umeingia. Yangu ni makavu, nimeyaacha. Mbolea nimesimamisha kwanza.

Sasa iko kwenye dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi. Saa tatu asubuhi nanyosha mkono kama sentimita 30 juu ya majani: kivuli kikiwa kikali, naisogeza ndani, kikiwa hafifu, naiacha. Leo nimeona ncha ya mzizi mpya, kijani kibichi.