Zamu ya usiku ndani ya SM42

Katika yadi ile ya nje kidogo ya Poznań hakikuzimwa kichwa cha treni hata kimoja usiku ule. Ilikuwa Januari 1987, na baridi ya mwezi ule Wapoland wa rika langu wanaisimulia hadi leo. Vichwa vya SM42, aina ya dizeli ya Kipolandi ya kupanga mabehewa yadini, vilisimama relini vikinguruma polepole, moshi mwembamba ukipanda, theluji imejaa kwenye vidaraja vya pembeni. Nilimuuliza dereva niliyepangiwa kukaa naye zamu hiyo kwa nini wanachoma dizeli bure namna ile.

"Humo ndani mna maji, kijana," akanijibu. "Yakiganda, bloku inapasuka. Heri dizeli iungue."

Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo. Kipolandi nilifundishwa Łódź, kama wageni wengi wa wakati ule, kisha nikahamia Poznań. Nimekulia Mbeya, na reli ya TAZARA ilipofika kwetu nilikuwa mtoto wa kukimbilia tutani kuangalia treni. Vichwa vya kwanza vya pale, vilivyotoka China, vilipeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu kwa msukumo wa mafuta ya haidroliki. Hiki cha Wapoland kilitumia umeme, nami nilitaka kujua kwa nini. Vitabu nilikuwa nimeshasoma. Nilitaka nione.

Tulipewa mabehewa ya makaa ya mawe yaliyoganda pale yalipokuwa. Dereva akasogeza gurudumu la kuongezea nguvu hatua moja tu. Injini ikabadili sauti, mshale wa ampea, kipimo cha mkondo wa umeme, ukapanda, na hakuna kilichosogea. Akaongeza hatua moja. Mshale ukapanda tena. Nikahisi sakafu inatetemeka chini ya buti, nikasikia minyororo ya behewa la kwanza ikikazika, kisha la pili, kisha la tatu, mlio ukirudi nyuma kwenye giza, ndipo tukaanza kwenda kwa mwendo ambao mtoto angeweza kuufuata kwa miguu.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Injini ya dizeli ikiwa imesimama haina nguvu yoyote. Lazima izunguke kwanza. Lakini behewa zito linahitaji nguvu kubwa kabisa wakati ule ule ambao magurudumu bado hayajazunguka. Waliosanifu SM42 waliweka jenereta katikati ya mambo hayo mawili: injini inazunguka kwa raha yake, jenereta inazalisha umeme, na mota nne, moja kwa kila ekseli, zinaupokea. Mota ya umeme wa aina ile huvuta kwa nguvu zaidi ikiwa bado imesimama. Na kwa kuwa ekseli zote nne zinaendeshwa, uzito wote wa mashine, tani 70 na ushei, unasaidia magurudumu kushika reli yasiteleze. Hakuna kilo inayobebwa bure. Niliupenda usanifu ule tangu dakika hiyo, na bado naupenda.

Injini ya dizeli yenyewe ina silinda nane, kila moja kipenyo chake milimita 220, na nguvu farasi 800. Kiwandani kichwa chenyewe walikiita Ls800E kwa sababu ya namba hiyo. Kiwanda ni Fablok cha Chrzanów, kusini mwa Poland, kilichoanzishwa mwaka 1919 na kilichotengeneza vichwa vya mvuke kwa miongo mingi. SM42 ya kwanza ilitoka mwaka 1963, na uzalishaji ukaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zilizotengenezwa zilizidi 1,800. Mtu anaweza kushangaa kwamba nchi yenye makaa ya mawe tele iliamua kuachana na mvuke yadini. Sababu niliiona usiku ule ule. Kazi ya kupanga mabehewa ni kusubiri. Unavuta dakika tano, unasubiri nusu saa. Cha mvuke kikisubiri kinahitaji mtu wa kukoka moto na kuangalia boila muda wote.

Nilikuja pia na swali la kabini. Kwa nini haiko mwishoni, wala haiko katikati kamili, bali imesogezwa upande mmoja, huku boneti moja ndefu na nyingine fupi? Dereva hakunieleza. Alinyanyuka tu, akavuka kabini, akaketi kwenye meza ya pili ya kuendeshea, akaanza kurudi tulikotoka. Meza zilikuwa mbili, kila moja kwa upande wake. Boneti ni nyembamba kuliko kabini, kwa hiyo dirishani unaona ubavu wote wa treni hadi kwa mfungaji mabehewa anayepunga taa.

Huyo mfungaji ndiye aliyenitia wasiwasi. Mabehewa ya Poland hufungwa kwa mkono: mtu anainama chini ya bafa, vile vizuizi vya kupokea mgongano, anaingia katikati, ananyanyua mnyororo wenye skrubu na kuupachika kwenye ndoano. Injini ni refu kwenda juu, boneti inalifuata, na mtu akiinama pale mbele dereva hamwoni kabisa. Kila mara taa ilipopotea, dereva alifunga breki ya upepo na kuondoa mkono kwenye usukani. Hakuugusa tena mpaka taa ionekane, hata yadi ilipopiga kelele redioni.

"Wangeishusha boneti hii," aliniambia, "ningewapelekea maua."

Kiwanda cha Chrzanów kilifilisika mwaka 2013. Lakini kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2007, kampuni ya Newag ya Nowy Sącz ilianza kuchukua SM42 za zamani na kuzijenga upya, zikapewa jina 6Dg. Fremu na bogi, yaani vigari vya chini vinavyobeba magurudumu, zilibaki. Injini ikawekwa ya Caterpillar, ndogo kuliko ile ya zamani, na kwa sababu hiyo boneti za pande zote mbili zikashushwa, dereva akaweza kuona mbele juu yake.