Siku ya fundi umeme kwenye maonesho ya Nyamanzi

Nikimwambia mtu kuwa mimi ni fundi umeme wa maonesho ya biashara, jibu huwa lile lile: "Aah, unafunga taa." Nafunga, ndiyo, lakini taa ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Kazi yenyewe ni watu wasiojuana, kila mmoja kaja na mashine yake, watumie njia moja ya umeme, yaani waya mmoja unaogawia mabanda kadhaa, kutwa nzima bila kuunguzana. Nasimulia siku moja ya Januari, kwenye shamrashamra za Mapinduzi ya Zanzibar, ili anayekuja kutembea ajue nyuma ya mabanda kuna nini.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshaswali, nimekunywa chai kwa boflo, niko barabarani nangoja gari ya Fumba. Maonesho yalipokuwa Maisara nilikwenda kwa miguu. Tangu yahamie Nyamanzi, huku upande wa Fumba, mwaka 2024 nauli imeniongezeka, lakini silalamiki. Maisara palikuwa pazuri kwa watu wa mjini ila palibana, na kila mwaka tulifunga waya tukijua tutaung'oa.

Saa kumi na mbili na nusu nazunguka maboksi yote ya umeme kabla ya mwenye banda yeyote kufika. Kaskazi inavuma, na chumvi ya bahari haimwonei huruma mtu: ukifungua boksi unakuta shaba imeshaota kutu ya kijani kwenye viungo. Kiungo kikilegea kinapata moto, kikipata moto kinalegea zaidi, na hapo banda la turubai na plaiwudi limeshakuwa kuni. Nakaza skrubu moja moja. Naangalia na ekstensheni, maana watu wana tabia ya kuuacha waya umejiviringisha kwenye gurudumu lake huku umebeba friza. Waya uliojiviringisha haupoi. Nimeshaona ulioyeyuka ukagandana wote.

Huwa nawakumbusha vijana ninaofanya nao kazi kwamba umeme wa Unguja unaingia kisiwani kwa upande huu huu. Kebo ya chini ya bahari inatoka Ras Kiromoni, Bara, inatokea Ras Fumba. Ya kwanza iliwashwa mwaka 1980, ya pili ya megawati 100 ikaja 2013. Kati yake tulipata adabu: 2008 tulikaa kiza karibu mwezi mzima, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Wenye hoteli waliunguza dizeli usiku na mchana, mafundi wa kuchomelea na washona nguo wakakaa barazani. Aliyeishi miezi ile hahitaji kuelezwa umeme una uhusiano gani na biashara.

Saa mbili mpaka saa nne: plagi za miguu miwili zilizokuja na mashine za nje, swichi moja iliyokufa, taa za jukwaa. Kawaida.

Saa tano ndiyo siku ilipoanza.

Njia moja ya mabanda ikazima. Nikaenda, nikakuta kwenye njia ile kuna bwana mmoja anayeuza kahawa na vinywaji, amefungua banda lake kwa mara ya kwanza siku ile. Kwenye fomu aliandika taa mbili na televisheni. Ndani nikakuta mashine ya kahawa, birika kubwa la umeme, friji mbili, na televisheni yenyewe. Nikamsalimu, nikamwambia, "Kaka, njia hii ni ya ampea 20, yaani wati 4,600 hivi, nayo ni ya mabanda manne. Mashine ya kahawa na birika peke yake zinapita hapo." Akasema yeye amelipia. Nikamwomba azime birika, akazima, nikarudisha umeme. Sijafika hata mwisho wa safu, umezima tena. Birika limewashwa tena, linatoa mvuke.

Banda linalofuata ni la kina mama wa mwani kutoka Paje. Wana blenda moja na friza moja la juisi ya mwani, basi. Bi mkubwa wao aliniita pembeni, nikamwamkia, akaitikia, akasema kwa upole, "Mwanangu, hili friza likilala mpaka jioni hatuna biashara." Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kwamba nalishughulikia.

Nataka mtu aelewe friza lile lina maana gani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Wanasimama kwenye maji bamvua kwa bamvua, wanakausha, wanauza kwa kilo, na mwingi unasafirishwa hivyo hivyo mkavu kwenda kutengenezewa vitu nje. Bahari ikipata joto mwani unaoza kwenye kamba, na ule wa bei nzuri ndio unaotangulia kufa. Ndiyo maana wakaingia kwenye sabuni, krimu na juisi, wauze kitu kilichokamilika. Maonesho ni mahali ambapo mama wa Paje anakutana ana kwa ana na mnunuzi wa hoteli bila dalali katikati.

Na mnunuzi alikuja, saa saba kasoro, umeme umekatika kwa mara ya nne. Akaonja juisi ya vuguvugu, akasema atapita baadaye. Nilimwona Bi mkubwa akimsindikiza kwa macho.

Yule bwana wa kahawa akaja na dawa yake: "Fundi, toa hiyo swichi ya 20, weka ya 40, tumalizane." Nikamwambia haiwezekani. Swichi ile kazi yake ni kukata umeme mzigo ukizidi, na waya uliopita pale ni wa milimita mbili na nusu tu. Ukiweka swichi ya 40, swichi haitakata, lakini waya utapika ndani ya plaiwudi, na tutajua usiku watu wameshalala. Akapandisha sauti. Akapiga simu kwa mkubwa gani sijui, akanipa niongee, nikasema yale yale. Wateja wake wakasogea kusikiliza. Jua la saa saba limekaa utosini, shati limenata mgongoni, na mimi nasimama pale naambiwa siijui kazi niliyoianza kabla hajafika. Nilikataa, na ningekataa mpaka magharibi. Ile swichi ndiyo amana niliyopewa.

Dawa ilikuwa moja, kumvutia njia yake mwenyewe kutoka boksi kubwa, kwenye fezi, yaani waya mkuu wa umeme, isiyo na mzigo mwingi. Nikachukua waya mnene na vijana wawili. Mjini ungechimba kwa jembe, lakini Nyamanzi ukipiga unapiga jiwe. Tulichimba mfereji kwa sururu chini ya miguu ya watu. Watoto wanaruka, kina mama na mabuibui yao wanazunguka, mmoja ananiuliza choo kiko wapi, mwingine anataka kuchaji simu. Chakula cha mchana kilipita. Adhuhuri niliswali nimechelewa, nikarudi kwenye mfereji. Tulipofukia na kuweka mbao juu, alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Nikawasha. Kahawa ikatoka, friza la mwani likanguruma, njia haikuzima tena. Yule bwana hakusema asante. Alimuagiza kijana wake anipe kikombe, nikakinywa.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Kuna jenereta la jukwaa, kuna taa za njia, na kuna umati wa jioni unaokuja joto likipungua. Kati ya hayo nilimwona yule mnunuzi wa hoteli amerudi. Akanywa juisi ya baridi, akanywa ya pili. Sabuni akaagiza kwa ajili ya vyumba. Juisi akauliza kama ina alama ya ubora ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, na bado haina. Basi Bi mkubwa akachukua chupa mbili, akavuka njia mpaka banda la watu wa viwango, akakaa kwenye kiti akaanza kuuliza hatua moja baada ya nyingine. Hoteli, mkulima na mtu wa viwango, wote katika eneo unalolimaliza kwa miguu. Siku nyingine angehitaji nauli na ruhusa ya kila mlango.

Ndiyo maana nasema viwanja hivi visingojee Januari. Viwe na mikutano na maonesho ya karafuu, ya samaki, ya ufundi, mwaka mzima. Sisi mafundi, wachapishaji wa mabango, wapishi na madereva wa Fumba tunapata riziki msimu ukiwepo, kisha tunatawanyika kutafuta vibarua.

Usiku tulizima banda moja moja tukaacha njia za mafriza. Yule bwana wa kahawa nilimpa fomu mpya, akajaza mashine zake zote. Kina mama wa Paje wanaleta friza la pili kesho. Soketi yao nimeshaifunga, iko kwenye njia yake peke yake.