Jiwe la chumvi chini ya mwaloni

Jiwe lenyewe halikunigharimu hata dola ishirini. Kuliondoa, na kuondoa lililoachwa nalo ardhini, kumenichukua miaka mitatu na bado sijamaliza.

Tuna ekari 12 katika kaunti ya Sauk, jimbo la Wisconsin, Marekani, kaskazini-magharibi ya Madison. Tulizinunua mwaka 2021, mimi na mama watoto, baada ya miaka mingi ya kupanga mjini. Nusu ni msitu, nusu ni malisho yaliyotelekezwa. Kulungu tuliwakuta. Nasema kulungu kwa kuwa ndivyo kamusi inavyomwita mnyama huyu wa mkia mweupe, ingawa baba yangu kule Simanjiro angebisha: kulungu anayemjua yeye pembe zake ni za maisha, huyu wa huku huziangusha kila baridi na kuotesha nyingine.

Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe akimwona mnyama analamba ardhi hahitaji kuambiwa anatafuta nini. Mei 2022 nilimkuta jike mwenye mimba kando ya barabara, analamba changarawe. Huku wakati wa theluji hunyunyiza chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na masalia yake hubaki pembezoni hadi majani yanapochipua. Majani mabichi ya wakati huo yana maji mengi na potasiamu nyingi lakini sodiamu kiduchu, kwa hiyo hamu ya chumvi huwashika sana. Magari yanampita sentimita chache, yeye hana habari. Nikasema huyu atagongwa. Jumamosi nikaenda duka la pembejeo, nikanunua jiwe la kulamba la kilo 22 na ushee, lenye picha ya dume mwenye pembe kama mti wa mchongoma. Muuzaji akanisaidia kulipakia na kunitakia msimu mwema.

Nililiweka chini ya mwaloni mkubwa ukingoni mwa msitu, penye kishimo kama beseni. Nilidhani ni maji ya mvua yamechimba. Nikafunga na kamera ya kunasa wanyama, maana binti yangu alitaka picha.

Walikuja siku ya tatu. Ilipofika wiki ya tatu nilikuwa nimehesabu kulungu wasiopungua 14: majike, vitoto vya mwaka jana, madume wenye pembe changa zilizofunikwa manyoya. Kila mmoja anatia ulimi palepale alipotoa mwenzake. Katika picha moja ute unaning'inia kutoka mdomoni mwa jike kama uzi wa buibui. Tuliipenda picha ile, tukaibandika kwenye friji.

Aliyetuamsha ni mzee jirani, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyepita miaka sabini. Alikuwa anafuatilia mtamba wake aliyevuka waya, akapita chini ya ule mwaloni. Akaja mlangoni, akavua kofia.

"Lile jiwe umeliweka wewe, au ni la yule wa zamani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba kile kishimo hakikuchimbwa na mvua. Mwenye shamba wa zamani alikuwa akiweka chumvi pale kwa miaka, na ndimi za kulungu ndizo zilizokula udongo. Nilipomwambia jiwe ni langu, akanyamaza kidogo, kisha akasema katika kaunti hii ni marufuku kuwawekea kulungu chakula, chumvi au madini. Nikajitetea kwamba mimi siwindi pale, ni kuwatazama tu. "Hata kuwatazama," akasema. Hakunishtaki popote. Alinitajia tu herufi tatu, CWD, akaenda kumtafuta mtamba wake.

CWD ni ugonjwa wa kukonda wa kulungu na jamaa zao. Uligunduliwa mara ya kwanza mwaka 1967 huko Colorado, kwa kulungu waliofugwa kwenye kituo cha utafiti, na Wisconsin ukaonekana mwaka 2002. Si kirusi wala bakteria. Ni prioni, protini ya mwili iliyojikunja vibaya, ambayo ikigusana na protini nzima inaikunja nayo, mpaka ubongo unatoboka matundu kama sponji. Mnyama anakonda, masikio yanalegea, anadondosha mate, anasahau kuogopa watu. Hakuna chanjo, hakuna dawa, na aliyeupata haponi. Ubaya zaidi ni kwamba mwaka mzima au zaidi kabla ya dalili anatembea mnene na mzuri, huku mate, mkojo na kinyesi chake tayari vinaambukiza. Katika sehemu nyingine za kusini-magharibi ya jimbo hili, zaidi ya dume mmoja mkubwa kati ya watatu wanaopimwa anakutwa nao.

Sheria yenyewe ni rahisi. Kaunti ikipatikana na mgonjwa, marufuku ya kulisha inawekwa miaka 3. Iliyo ndani ya maili 10 kutoka alipopatikana mgonjwa inawekewa miaka 2. Akipatikana mwingine, hesabu inaanza upya. Kwetu Sauk kila mwaka wanapatikana, kwa hiyo sioni lini itaisha.

Nililoshindwa kulala nalo ni lile la udongo. Watafiti walichukua udongo kwenye maeneo 11 ya kulambia chumvi hapahapa kusini mwa katikati ya Wisconsin, na katika utafiti uliotoka mwaka 2018 wakaeleza kwamba maeneo 9 yalikuwa na prioni. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikuwa wameshaonyesha kuwa prioni hung'ang'ania chembe za udongo wa mfinyanzi, na ikiliwa pamoja nazo huambukiza kwa nguvu zaidi kuliko ikiwa peke yake. Haiozi kwa mvua, na theluji haiifanyi kitu. Inakaa ardhini miaka. Kumbe beseni langu chini ya mwaloni lilikuwa bakuli la shirika la kila kulungu aliyepita bondeni tangu enzi za yule mwenye shamba, na mimi nimelijaza upya.

Nilimpigia baba. Hakuelewa kwa nini namuwekea chumvi mnyama asiye wangu, na kwa kweli sikuwa na jibu zuri. Lakini habari ya ugonjwa aliielewa kabla sijamaliza. Kwetu mvua zikianza, nyumbu na pundamilia wa Tarangire hutoka hifadhini kuja Simanjiro, kwa sababu nyasi za kule zina fosforasi ambayo jike mwenye kunyonyesha anaihitaji. Nyumbu wakianza kuzaa, sisi tunaondoa ng'ombe, hata kama majani ni mazuri kiasi gani. Ndama wa nyumbu hutoa kirusi kwa makamasi na machozi. Yeye hakimdhuru, ng'ombe anakufa. Tunawapisha, tunarudi miezi ikipita.

"Sasa hao kulungu wako," baba akauliza, "nani anawahamisha?"

"Hakuna, baba. Hawana mwenyewe."

"Basi hamisha chumvi."

Nikaanza hapo. Nilipiga simu kwa afisa wa wanyamapori wa jimbo, nikamweleza ukweli wote, pamoja na wiki tatu zangu za ujinga. Hakunifokea. Alisema jiwe litoke leo, na kwa kuwa kulungu wataendelea kulamba udongo hata bila jiwe, niuzibe wasiufikie. Nilivaa glavu na mabuti ya mpira, nikalitia jiwe katika mifuko miwili ya nailoni, likaenda dampo. Lilikuwa limeshalambwa likawa na mgongo kama tandiko la farasi.

Udongo sikuuchimba. Nilitaka, nikajiuliza nitaupeleka wapi. Ukiuchota na kuumwaga kwingine umefungua lambio jipya. Kuuchoma moto wa kuni ni kujisumbua, moto wa kawaida hauiwezi prioni. Nilichofanya ni kufunika beseni kwa mawe makubwa na changarawe, kisha nikazungusha wigo wa waya wa mita 2.4, maana kulungu anaruka juu kuliko unavyomdhania. Nguzo nane, waya, na siku mbili za mgongo kuuma. Jumla ilipita dola mia tatu. Koleo na mabuti niliyasugua matope yote yakatoka, kisha nikalowesha koleo kwa jiki: sehemu mbili za jiki kwa tatu za maji, dakika tano. Hiyo inafanya kazi juu ya chuma kisafi tu, ikikuta tope au kipande cha nyama haipenyi.

Bado nilikuwa na yule jike wa barabarani kichwani. Hapa nilijifunza jambo ambalo picha kwenye mfuko wa jiwe haikuniambia. Dume anapootesha pembe, kalsiamu na fosforasi anazitoa kwanza kwenye mifupa yake mwenyewe, mbavu hasa, kisha anazirudisha kwa chakula. Sijaona ushahidi wa kunishawishi kwamba jiwe la kulamba linawaongezea kulungu wa porini pembe. Linawakusanya, basi, na kukusanyika ndiko tunakokuogopa.

Kwa hiyo badala ya jiwe niliamua kuwaboreshea majani. Nikapima udongo wa malisho. Asidi ilikuwa juu, pH 5.7. Nikamwaga chokaa ya kilimo mwaka 2023, tani mbili kwa ekari, kwenye ekari mbili zilizotapakaa huku na huko, nikapanda klova, majani ya malisho jamii ya kunde. Nikakata miti michache dhaifu ili jua lifike chini na vichaka viote. Kupanda hivi sheria inaruhusu. Sidai kwamba klova haina hatari, popote kulungu wanapokula pamoja pana mate na kinyesi, ila ekari mbili si kishimo kimoja cha upana wa sufuria. Kamera sasa inanionyesha wawili pale, watatu kule, vichwa chini, wametawanyika.

Nilianza na kuwinda pia, jambo ambalo sikulipanga. Mzee jirani alinishawishi kwamba kulungu wakizidi wanaambukizana haraka, na akanikopesha koti la rangi ya chungwa. Katika msimu wa bunduki wa siku tisa wa Novemba 2023 nilipata jike. Kichwa, pamoja na inchi tano za shingo, unakiweka katika kibanda cha jimbo cha kupokelea sampuli, unajaza fomu, wao wanapima tezi za nyuma ya koo bila malipo. Nyama tuliiweka kwenye friza, kila mfuko nimeuandika namba ya fomu, hakuna kuonja. Majibu yakaja safi. Mama watoto akapika mchuzi, wageni wakasema ni mbuzi.

Mwaka 2024 nilipata dume wa miaka mitatu na nusu. Mafuta mgongoni, manyoya yanang'aa, anatembea kama bwana harusi. Siku ya kumi na mbili nikapata ujumbe: anao. Hajathibitika mtu hata mmoja kuupata ugonjwa huu kwa kulungu, lakini ushauri wa wataalamu wa afya ni kutokula nyama ya aliyekutwa nao, nasi hatukuhitaji kushawishiwa. Kilo karibu thelathini zilikwenda dampo ndani ya mifuko iliyofungwa. Binti yangu alitoa ile picha ya ute kwenye friji bila kuambiwa. Nilirudi kwenye kamera kumtafuta yule dume katika picha za 2022. Kitoto kimoja cha dume kingeweza kuwa yeye, masikio makubwa, ulimi kwenye jiwe. Siwezi kuapa.

Majira haya ya kuchipua, kamera niliyoiacha mwaloni imenasa majike wawili wamesimama nje ya wigo, pua kwenye nguzo ya upande wa mteremko. Nilikwenda kuangalia. Mvua zimekuwa zikiosha chumvi ya zamani kutoka chini ya mawe, ikateremka hadi kwenye nguzo, na udongo wa pale umeanza kuliwa kidogo, kama alama ya kijiko. Jumamosi nilinunua nguzo nne zaidi. Nimesogeza waya mita mbili kuelekea bondeni, nikaweka changarawe palipolambwa, na kamera nimeigeuza itazame upande huo.