Goti la Kozi

Vijana 18 walikuwa wamejipanga kwenye mstari nilioutia kwa majivu, macho yote kwenye simu yangu niliyoiunga na spika ya kuazima. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Septemba 2014, baada ya Alasiri, kiwanjani kwa skuli moja ya sekondari upande wa Wete, kisiwani Pemba. Mita 20 nilizipima mwenyewe kwa kamba ya usumba. Koni sikuwa nazo, kwa hiyo nilipanga makumbi ya nazi, na makumbi yalitosha kabisa, maana upepo wa pale haukuyasogeza hata kidogo.

Nilikuwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mwaka wa pili wa stashahada ya ukocha na maendeleo ya michezo. Nilipanda meli bandarini Malindi, Unguja, katikati ya Agosti na begi moja, firimbi mbili na daftari la fildi ambalo chuo kilitutaka tulijaze kila siku kwa wino. Nilikuwa sijawahi kufika Pemba. Mimi mtoto wa Jang'ombe, Unguja mjini, na Pemba kwangu ilikuwa jina la kwenye redio, mechi za uwanja wa Gombani na mechi za Mjini, basi.

Jaribio la siku ile nilikuwa nalipenda kuliko yote tuliyofundishwa. Alilibuni Luc Léger na wenzake huko Montreal, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unakimbia mita 20, unageuka, unarudi, na mlio ukilia uwe umeshafika mstarini. Mwendo unaanzia kilomita 8.5 kwa saa, kisha kila dakika unaongezeka nusu kilomita. Anayeachwa na mlio mara mbili mfululizo anatoka, nawe unaandika hatua aliyofikia. Kwa hatua hiyo unakisia moyo na mapafu yake vina uwezo gani. Nililipenda kwa sababu nililiona la haki. Halimjui mtoto wa nani, halijui anakaa wapi, linahesabu tu.

Kijana niliyemtegemea zaidi wenzake walimwita Kozi, kwa vile alivyokuwa akiushukia mpira kama kozi anavyomshukia kifaranga. Kidato cha kwanza, miaka 14, karefuka ghafla kama mgomba uliopata mvua, mikono ya shati la skuli imeshamwacha. Wiki mbili za mwanzo hakuna aliyemkamata kwa mbio. Siku ile akatoka hatua ya nne, wakati hata golikipa wetu mnene bado anakimbia.

"Kozi, nini tena?"

"Nimechoka, Kocha."

"Umechoka, au uvivu?"

Akatazama chini. Nami, mbele ya wote, nikamwambia timu ya tamasha haitaki mtu wa kukata tamaa, akae pembeni. Akaenda akakaa chini ya mwembe, mguu mmoja kaunyoosha. Nikafungua daftari nikaandika: *Uwezo mkubwa. Hana moyo wa kujituma. Aondolewe.*

Niseme na haraka yangu ilitoka wapi. Tarehe 23 Septemba skuli za Zanzibar huwa na Tamasha la Elimu Bila Malipo, kukumbuka siku kama hiyo mwaka 1964 elimu ilipotangazwa kuwa haina ada. Skuli yetu ilikuwa na mechi Gombani. Na mkufunzi wangu angevuka kutoka Unguja siku chache kabla, kuja kunitazama nikifundisha na kunipa alama. Nilitaka timu iliyo tayari na takwimu zilizo safi. Mtoto aliyetoka hatua ya nne bila ya sababu aliniharibia vyote viwili.

Msimamizi wangu pale skuli alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Maalim na kila mtu, hata na watu wasiosoma kwake. Hakuwa na cheti cha ukocha. Alikabidhiwa timu ya skuli 1995, mwaka ambao Zanzibar ilichukua Kombe la Chalenji kule Uganda, na hakuirudisha tena. Siku ya jaribio alikaa kwenye kiti chake cha kamba akitazama, wala hakusema kitu.

Kesho yake, tukitoka msikitini baada ya Alasiri, akanishika mkono, tukasimama kando tukivaa makubadhi.

"Mwanangu, jana uliswali safu ya ngapi?"

"Ya pili, Maalim."

"Na Kozi?"

Nikatafuta akilini. "Sikumbuki."

"Aliswali kulia kwako." Akanyamaza kidogo. "Hukumwona anavyosujudu?"

Akanieleza. Muda wa wiki tatu sasa mtoto yule akienda sijida hutanguliza mikono, goti la kushoto akaliweka chini mwisho kabisa, polepole, kama mtu anayeweka yai. Kikao cha tahiyatu hawezi kukaa kama wenzake, mguu anautoa pembeni. "Mimi lina miaka goti langu bovu, nawajua wanaoliuguza goti. Nikadhani na wewe umeona, Kocha. Wewe ndiye uliyelisomea."

Hakulisema kwa kunisuta. Alidhani kweli. Ingekuwa kusuta ningejitetea.

Kwa sababu nilikuwa nimelisomea. Muhula wa pili, somo la majeraha, mkufunzi alichora goti zima ubaoni kwa chaki za rangi. Alituambia kwamba mwaka 1903 madaktari wawili waliokuwa mbali mbali, Robert Osgood kule Boston na Carl Schlatter kule Zürich, kila mmoja aliandika juu ya maumivu yale yale chini ya pia ya goti kwa vijana wanaokua. Msuli mkubwa wa paja unashuka, unapita juu ya pia, unajishika kwenye mfupa wa muundi. Kwa mtoto aliye katika kurefuka, pale unapojishika bado hapajakomaa, na mfupa unarefuka mbio kuliko msuli. Kila anaporuka, anapopiga shuti, anapokimbia na kugeuka, msuli unapavuta. Panavimba, panauma, panaota kinundu. Wavulana huwapata sana kwenye umri wa miaka 12 hadi 15. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Nililijibu ukurasa mzima, na mchoro nikauchora.

Na jaribio langu lilikuwa mtindo huo huo, kukimbia, kufunga breki, kugeuka, kila baada ya mita 20.

Siku ile Kozi hakuja mazoezini, wala siku ya pili. Siku ya tatu jioni nikaomba nielekezwe kwao.

Msimu ulikuwa umeingia. Aliyekuwa Pemba wakati wa karafuu anaijua harufu hiyo. Inakukuta njiani kabla hujaona nyumba, imo kwenye nguo za watu na kwenye chai. Uani kwao palikuwa na majamvi mawili ya karafuu zilizoanikwa, zimeshaanza kuwa nyekundu nyekundu, na chini ya taa mama yake na dada zake wawili wamezunguka lundo la mbichi wakichambua, karafuu huku na makonyo huku. Kozi alikuwa nao. Aliponiona akainama zaidi.

"Karibu, Mwalimu," mama akasema, kisha uso ukambadilika. "Kakosa nini mwanangu?"

"Hakukosa kitu, mama. Nimekosa mimi."

Akanisogezea nafasi jamvini. Nikakaa nikachukua kishada nikaanza kuchambua, vibaya, vidole vyangu vizito, mpaka yule dada mdogo akanionesha jinsi ya kukibwenyeza kishada kiganjani karafuu zikatoka zenyewe. Tukachambua muda mrefu bila ya mtu kusema neno. Baadaye nikamwomba Kozi anioneshe goti. Akapandisha suruali. Chini ya pia palikuwa na kinundu, kigumu, kama komwe ya bao. Nilipoweka kidole tu, sikukandamiza, akavuta pumzi kwa meno na mguu akauondoa.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akamtazama mama yake kwanza. "Ningekwambia ungeniweka nje. Mama angesema ni mpira. Na ikiwa si mpira, ikiwa ni mikarafuu, nani apande? Baba yuko dago, kuvua."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kila siku, baada ya Alfajiri kabla ya skuli, alikuwa juu ya mikarafuu pamoja na mjomba wake. Mkarafuu unajisukuma nao kwa goti lililokunjwa, tena na tena, na ukiwa juu unasimamia mguu mmoja huku unavuta tawi. Kisha jioni anakuja kwangu, nami namrusha vichura. Kipimo changu kile cha haki kilikuwa kinalipima goti lililokwisha fanya kazi tangu jogoo la pili.

Nikamweleza mama yake kwa maneno mepesi kama nilivyoweza. Kwamba si ugonjwa wa kutisha, na mtoto akimaliza kurefuka mara nyingi huondoka. Dawa yake ni kupunguza kuruka na kukimbia, kuweka barafu, na kulegeza msuli wa paja taratibu. Nikasema, na kupanda pia apumzike. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na pishi zake nani atazichuma?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumesoma moduli nzima ya kushirikisha wazazi na jamii katika michezo, na ilikuwa moduli nzuri, lakini hakuna ukurasa uliokuwa na swali lile. Nikasema sijui, mama. Nafikiri kwa kuwa nilisema sijui ndiyo maana akaniachia mtoto nimpeleke hospitali ya Wete. Daktari akambonyeza, akamwambia anyooshe mguu huku ameuzuia kwa mkono, akathibitisha.

Barafu nilikuwa naipata kwa wauza samaki sokoni, vipande kwenye mfuko wa plastiki, navifunga kwa kanga kuukuu. Suala la pishi alilishughulikia Maalim, na alilishughulikia bila ya kuniuliza. Jumamosi ya kwanza nilipofika kiwanjani kwa mazoezi ya nguvu sikukuta mtu. Vijana 7 wa timu, wale wakubwa wajuao kupanda, walikuwa kwenye mikarafuu ya kina Kozi. Jumamosi iliyofuata vile vile. Jumamosi mbili si msimu. Najua alipanda tena kabla sijaondoka, na wala sikumlaumu mtu. Lakini alipata siku kumi na kitu za kulipumzisha goti, na kile kinundu kikaacha kuwaka moto.

Jumatatu moja, kabla ya kupasha misuli, niliwakusanya vijana wote. Niliyoyasema kuhusu Kozi niliyasema mbele yao, kwa hiyo na haya lazima wayasikie wao. Nikasema Kozi alikuwa anaumwa na mimi nilikuwa nimesomeshwa kulijua jambo hilo nisilijue. Nikamwomba radhi. Golikipa akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata, Kozi akaficha uso kwenye fulana.

Mkufunzi wangu akaja, mama mmoja mkali na mwenye kupenda kazi yake. Alinitazama kipindi kizima. Nilikuwa nimeondoa jaribio la mita 20 kwa wale walio katika kurefuka, nikawapa kazi za mpira miguuni, mbio fupi zisizo na kugeuka kwa ghafla. Kozi alikuwa na saa na daftari, ndiye mwita zamu. Kipindi kilipokwisha mkufunzi akaomba daftari langu la fildi, akalipekua akisimama, akafika kwenye ukurasa ule. Juu, *Hana moyo wa kujituma*. Chini yake, kwa tarehe ya baadaye, ukurasa na nusu juu ya goti, mkarafuu, na sijida.

"Hii ya juu kwa nini hukuifuta?"

"Kwa sababu niliiandika, mwalimu. Na mtoto aliisikia."

Akatia saini zote mbili.

Gombani tulifungwa 2-1. Kozi alikaa benchi na vijana walimpa jezi namba 11 avae, ingawa hakuingia.

Ijumaa yangu ya mwisho Pemba nilichelewa kidogo, hotuba imeshaanza, nikapata nafasi safu ya nyuma. Kulikimiwa, watu wakasimama kuziba mapengo, nikajikuta nimesimama bega kwa bega naye. Tuliposhuka sijida niliona mikono yake ikitangulia, kisha goti la kulia, kisha la kushoto, taratibu. Kwenye tahiyatu akautoa mguu pembeni, ukakosa pa kwenda kwa jinsi safu ilivyobanana. Nikavuta goti langu ndani, akaunyoosha.